Muziki wa bure wa kuweka chini ya video: tafuta leseni kwanza, wimbo baadaye

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Morogoro, nina chaneli ya mapishi YouTube ambayo ndiyo kwanza imeanza kuniingizia chochote. Video yangu ya mkate wa kumimina imetazamwa kuliko zote, halafu nikaletewa taarifa kwamba muziki niliouweka una mwenyewe na kwamba mapato ya matangazo yanakwenda kwake. Muziki ule niliupakua kwenye chaneli iliyoandika wazi kwamba nyimbo zake hazina hakimiliki. Je, video yangu itafutwa? Nitapata wapi muziki wa bure kweli wa kuweka chini ya sauti yangu? Rafiki yangu ananiambia nitumie bongo fleva, mradi nisizidishe sekunde 15.

Jibu: Dada yangu, kwanza tulia. Kwa taarifa uliyoieleza, video haifutwi na chaneli yako haina doa. Ulicholetewa ni dai la hakimiliki. Dai si onyo, ingawa watu huyachanganya kila siku na kupata hofu ya bure.

Dai hutokana na mtambo wa YouTube uitwao Content ID, ulioanza 2007. Wenye muziki huweka rekodi zao humo, na kila video inayopakiwa sauti yake hulinganishwa na rekodi hizo. Zikifanana, mtambo hufanya kile ambacho mwenye muziki alikwisha kuagiza: kuifungia video, kuiacha na kufuatilia tu takwimu zake, au kuiacha hewani huku mapato yakienda kwake. Huyu wako amechagua hilo la mwisho. Onyo hutolewa pale mwenye haki anapowasilisha ombi rasmi la kutaka video iondolewe. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima. Hujafika huko, na ukifuata nitakayokueleza hutafika.

Sasa video yenyewe. Usiifute ukaipakia upya, maana utapoteza watazamaji, maoni na kiungo ambacho watu wameshatumiana WhatsApp. Ingia YouTube Studio, fungua video hiyo, kisha fungua taarifa ya hakimiliki. Utaona jina la wimbo unaodaiwa, nani anaudai, na kipande chenyewe kinaanzia wapi na kuishia wapi. Hapo hapo umewekewa njia za kutengeneza: kukikata kipande hicho, kuufuta wimbo, au kuubadilisha kwa wimbo wa maktaba ya YouTube. Kwa mtu anayezungumza ndani ya video kama wewe, anza na kufuta wimbo peke yake ili sauti yako ibaki. Kifaa hicho kiliboreshwa 2024 na sasa kinafanya kazi nzuri, ingawa muziki ukiwa umepanda sana juu ya maneno hakiwezi kuvitenganisha vyote. Ukichagua kubadilisha wimbo, sikiliza kabla ya kuhifadhi, kwa sababu wimbo mpya unaweza kuyafunika hata maneno yako ya kipande kile. Mabadiliko yakikubalika dai huondoka, na video inabaki pale pale na hesabu yake ya watazamaji.

Kupinga dai usikufanye katika hali yako. Kupinga ni haki ya mwenye ushahidi: ana leseni mkononi, anaweza kuonyesha ameipata wapi na lini. Mwenye ushahidi huo apinge bila woga. Mdai hupewa siku 30 za kujibu, akinyamaza dai linaanguka. Mwenye video akipinga ndani ya siku 5 tangu dai liletwe, mapato ya muda wote huo hushikiliwa pembeni na kupewa atakayeshinda. Lakini ushahidi wako wewe ni maneno ya chaneli isiyojulikana ni ya nani. Mdai akikataa, ukakata rufaa, akakataa tena, anaweza kuomba video iondolewe, na hapo ndipo dai linapogeuka kuwa onyo.

Maneno ya chaneli ile ndiyo chanzo cha matatizo yote haya. Karibu kila muziki unaousikia leo una hakimiliki. Haki hiyo inaanza mtunzi anapomaliza kazi yake na ikarekodiwa, hata kama hajaisajili popote. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 haidai usajili, na ya Kenya ya 2001 vilevile. Hata ile lebo maarufu ya Uingereza iitwayo NoCopyrightSounds, iliyoanza 2011, muziki wake una mwenyewe. Inachotoa ni ruhusa ya kuutumia kwa masharti, likiwemo la kumtaja msanii. Kwa hiyo anayekuandikia kwamba muziki hauna hakimiliki, ama anamaanisha upo kwa leseni na hajakuonyesha leseni hiyo, ama amechukua cha mtu akakitandaza barabarani.

Ipo na njia ya tatu ya kuletewa dai, na hii inawakamata hata watu waangalifu, kwa hiyo nitaieleza vizuri. Watengenezaji wengi wa biti huuza au hugawa biti moja kwa watu wengi. Wewe unaichukua kihalali na kuiweka chini ya mapishi yako. Mwezi unaofuata kijana mwingine anaichukua biti ile ile, anaimba juu yake, anapeleka wimbo kwa kampuni ya kusambaza muziki mtandaoni, na katika fomu anaweka alama kwamba anataka wimbo wake ulindwe kwenye Content ID. Mtambo haujui nani alitangulia. Unachojua ni kwamba rekodi imesajiliwa na video yako ina ala zile zile, kwa hiyo dai linakuja kwako. Kijana hakukusudia ubaya, mtengeneza biti hakukudanganya, na wewe hukuiba. Kitakachokutoa hapo ni karatasi tu: leseni yenye tarehe, jina la biti na jina la aliyekupa. Ndiyo maana nasema utafutaji wako uanze na leseni, wimbo utafuata. Nyimbo nzuri za ala ni maelfu, ila zenye ruhusa inayoeleweka ni chache zaidi, na ni hizo tu zinazokufaa mtu unayetaka chaneli ikae miaka.

Wapi pa kuanzia? Kwa chaneli ya YouTube, anza na maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe, iliyofunguliwa 2013. Imo ndani ya YouTube Studio, kwenye menyu ya kushoto. Kwenye programu ya Studio ya simu huioni, kwa hiyo fungua studio.youtube.com kwenye kivinjari, na ukiwa na simu washa mwonekano wa kompyuta. Ni maktaba pekee ambayo YouTube wanasema wanajua ni salama. Muziki uliomo hautadaiwa kupitia Content ID, na unaruhusiwa kuutumia katika video zinazoingiza fedha. Ukifika humo, usianze kusikiliza ovyo na kumaliza bando. Tumia vichujio: chagua hisia unayoitaka, chagua urefu, kisha chagua nyimbo zisizohitaji kumtaja mtunzi. Utaona pembeni mwa baadhi ya nyimbo alama ya herufi CC ndani ya duara. Hizo ni za Creative Commons, na ukizitumia ni lazima uweke jina la mtunzi kwenye maelezo ya video. Maktaba inakuandalia maneno hayo, ni kunakili na kubandika. Watu wengi wanaruka hatua hiyo kwa kudhani ni adabu tu. Hapana, ndilo sharti la leseni, na ukiliacha umetumia muziki bila ruhusa kama yule aliyeuiba.

Udhaifu wa maktaba hiyo ni kwamba kila mtu anaitumia. Utasikia wimbo wako kwenye video za wanaofundisha kompyuta, wanaouza viwanja na wanaokagua simu. Shuka chini kwenye orodha, usichukue zile za mwanzo.

Ya pili ninayoiamini ni tovuti ya incompetech.com ya Kevin MacLeod, mtunzi wa Marekani ambaye ametoa kazi zake kwa wingi mno, zaidi ya 2,000, chini ya leseni ya Creative Commons inayotaka atajwe tu. Faida yake kubwa ni kwamba mtunzi ni mmoja, anajulikana, anaandika masharti yake mwenyewe kwenye tovuti yake mwenyewe. Hakuna mtu wa kati wa kumtilia shaka. Zipo za furaha, za utulivu, za vichekesho. Ukitafuta kwa hisia utapata kitu kinachokaa vizuri chini ya sauti ya mwanamke anayeeleza jinsi ya kusaga mchele uliolowekwa kwa tui na iliki.

Pixabay nao wana sehemu ya muziki, na kwa mwenye simu ni rahisi kupita zote: unasikiliza, unapakua MP3, huhitaji kumtaja mtu. Leseni yao inaruhusu matumizi ya biashara. Ila hapo pana watunzi wengi sana na baadhi yao wamesajili kazi zao kwenye Content ID, kwa hiyo unaweza kupata dai kwa wimbo uliouchukua kihalali kabisa. Pixabay wenyewe huweka ishara kwenye wimbo wa namna hiyo, na wanakupa cheti cha leseni cha kupakua. Kama unachukua wimbo wa Pixabay, pakua cheti siku hiyo hiyo unayopakua wimbo. Ukiletewa dai, cheti hicho ndicho unachokiwasilisha. Mimi ningekushauri uziache tu zenye ishara hiyo, kwa sababu kila dai linakula muda wako hata unaposhinda.

Free Music Archive, iliyoanzishwa 2009 na redio ya WFMU ya New Jersey na sasa ikiwa mikononi mwa kampuni ya Uholanzi, ina muziki mwingi wenye roho zaidi kuliko maktaba nilizozitaja. Wapo wasanii wa kweli humo, wenye bendi na albamu. Lakini humo kila wimbo una leseni yake, na nyingi hazikufai. Itabidi ujue kusoma herufi.

Herufi zenyewe si ngumu. Creative Commons ni shirika lililoanzishwa Marekani 2001, na leseni zake zinatumika dunia nzima. BY maana yake mtaje mtunzi. NC maana yake si kwa biashara, na chaneli yenye matangazo ni biashara, kwa hiyo wimbo wenye NC uruke hata kama umekukaa moyoni. SA maana yake kazi utakayoitengeneza kwa kutumia wimbo huo nayo uitoe kwa leseni ile ile. Ukiuweka wimbo huo chini ya video yako unamruhusu kila mtu aichukue video nzima na kuitumia, jambo ambalo nadhani hulitaki. ND ndiyo inayowaponza watu zaidi. Inasema usibadilishe kazi, na mtu anajiambia: sijabadilisha kitu, nimeuweka kama ulivyo. Leseni yenyewe imejibu hoja hiyo bayana: kuoanisha muziki na picha mjongeo kunahesabiwa ni kutengeneza kazi mpya kutokana na ile ya kwanza. Kwa hiyo wimbo wenye ND hauingii kwenye video kabisa, iwe na matangazo au isiwe nayo. Zinazobaki ni mbili tu: CC BY, na CC0 ambayo mtunzi ameachilia haki zake zote na hahitaji hata kutajwa. Ukikariri hizo mbili umemaliza.

Kumtaja mtunzi kuna vitu vinne: jina la wimbo, jina la mtunzi, mahali ulipoupata, na leseni pamoja na kiungo chake. Andika kwenye maelezo ya video kwa Kiswahili kama unavyoandika viungo vya chakula. Kwa mfano: Muziki, kisha jina la wimbo, mtunzi Kevin MacLeod, incompetech.com, leseni CC BY 4.0, creativecommons.org/licenses/by/4.0. Kama umeukata au umeurudia sehemu, ongeza neno kwamba umefupishwa, maana leseni inataka useme ulichobadilisha. Basi.

Utakutana pia na tovuti zinazojiita za muziki usio na mrabaha. Hizo nyingi zinauza. Maana yake ni kwamba ukishalipa mara moja, au ukilipa kila mwezi, hudaiwi tena kila video inapotazamwa. Epidemic Sound ya Stockholm na Artlist zinafanya kazi kwa mtindo huo wa malipo ya mwezi au mwaka. Ni huduma nzuri kwa mwenye kipato cha video, lakini kwa chaneli inayoanza nisingekushauri. Kabla hujalipa, soma kinachotokea kwa video zako siku utakapoacha kulipa.

Tukija kwa rafiki yako na sekunde zake 15. Hakuna sheria hiyo, si Tanzania, si Kenya, si Marekani ambako YouTube ina makao. Imesambaa kwa kuambizana tu, mara sekunde 7, mara 15, mara 30. Kipande kifupi cha wimbo ni sehemu ya wimbo, na Content ID inaweza kukitambua hata kikiwa cha sekunde chache chini ya maneno yako. Kuongeza kasi kidogo, kushusha sauti, au kuandika chini kwamba hukukusudia kukiuka haki ya mtu, hakukusaidii kitu. Hilo la mwisho linakuumiza zaidi, kwa sababu umeandika mwenyewe kwamba unajua wimbo si wako. Na wimbo wa bongo fleva una haki mbili ndani yake, ya utunzi na ya rekodi, ambazo mara nyingi zipo mikononi mwa watu tofauti. Hata msanii mwenyewe akikuambia kwa mdomo utumie tu dada, inawezekana lebo au msambazaji wake hakuruhusu, na mtambo hausikilizi maneno ya mdomo.

Kinachomchanganya rafiki yako pengine ni TikTok na Instagram, ambako anaona watu wanatumia bongo fleva bila taabu. Huko kampuni yenyewe imeingia mikataba na wenye muziki, na ruhusa hiyo inaishia ndani ya mtandao huo. Ukiihifadhi video ya TikTok na kuipeleka YouTube, ruhusa haikufuati. Tena TikTok ina maktaba ya pekee kwa akaunti za biashara, kwa hiyo siku utakapoanza kuuza viungo au kupata mdhamini, wimbo uliokuwa halali kwenye akaunti ya kawaida hautafaa. Meta nao wana mkusanyo wao wa sauti kwa ajili ya Facebook na Instagram, na ruhusa yake ni ya huko huko. Muziki uliomo ndani ya programu za kuhariria kwenye simu una masharti yake pia, na kuukuta ndani ya programu si ruhusa ya kuupeleka popote. Kama unataka video moja ipande mitandao yote, tumia CC BY au CC0, hapo huna wa kumwogopa.

Na kwa kuwa unapika vyakula vya pwani, najua utafika mahali utamani taarab ya zamani. Wazo zuri, ila uzee wa wimbo peke yake hautoshi. Chukua mfano wa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi na kufungua njia kwa waimbaji wa mwambao wote. Alifariki 1950. Kwa sheria ya Tanzania utunzi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini shairi na muziki vinaweza kuwa na watunzi tofauti, kwa hiyo tarehe ya kifo cha mwimbaji haikuambii yote. Halafu ipo rekodi yenyewe. Kwa sheria ya Marekani rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 hulindwa miaka 100, na zile za kabla ya 1923 zilikuwa huru kuanzia Januari 1, 2022. Juu ya hayo, santuri ile ikiwa imesafishwa na kutolewa upya kwenye CD au mtandaoni, kampuni iliyoitoa inaweza kuwa imeisajili kwenye Content ID. Ni vilevile kwa muziki wa kizungu wa zamani: Beethoven alifariki 1827 na tuni zake ni za kila mtu, lakini okestra iliyoipiga mwaka jana ina haki ya rekodi yake. Ukipenda kinanda cha namna hiyo, nenda Musopen, ambao wamekusanya rekodi za muziki wa klasiki zilizoachiliwa huru. Angalia leseni ya kila rekodi hata huko.

Vivyo hivyo kumbukumbu za muziki wa asili. Maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ina rekodi za ngoma na ala za Tanganyika, Kenya na Uganda ambazo ukizisikia machozi yanakutoka. Kuzisikiliza ni jambo moja. Kuziweka chini ya video ya biashara kunahitaji uwaandikie na upewe ruhusa.

Ila kuna njia ambayo mimi ningeipenda zaidi kwako, na naisema kwa moyo wote kwa sababu nimechoka kusikia video za mapishi ya Kiswahili zikilizwa na gitaa la ukulele la California. Tafuta mtu akupigie. Morogoro haikosi wapiga gitaa, vijana wa kinanda wa kwaya, na watengeneza biti wenye kompyuta chumbani. Ukitafuta neno Afrika kwenye maktaba za bure, utaletewa ngoma za msituni zilizotengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuonja pilau. Kumbe dakika mbili za gitaa kavu la mtindo wa dansi, au marimba, au kinanda chenye harufu ya taarab, zinaweza kuwa sauti ya chaneli yako. Mtu akiisikia jikoni kwake kabla hajaona picha anajua ni wewe.

Mkubaliane malipo kidogo, kisha muandikiane. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili, yenye majina na saini za wote wawili na tarehe. Iseme kwamba muziki ameutunga na kuupiga yeye mwenyewe, hakuna kipande alichokichukua kwa mtu. Iseme unaruhusiwa kuutumia katika video zako kwenye mitandao yote bila kikomo cha muda, zikiwemo zinazoingiza fedha. Iseme haki inabaki kwake au imehamia kwako, mchague moja. Na sentensi muhimu kuliko zote ni kwamba hatausajili muziki huo kwenye Content ID, wala hatampa mtu mwingine biti hiyo hiyo kuimbia. Kama umenielewa kule juu, unaona kwa nini sentensi hii inakuokoa. Kazi za muziki zinaweza kusajiliwa kwenye taasisi za hakimiliki, COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar. Usajili si lazima ili haki iwepo, lakini ni ushahidi mzuri siku ya ubishi.

Kuhusu muziki unaotengenezwa na akili unde, ambao najua utauliza: soma mpango ulio nao. Suno, kwa mfano, wanasema nyimbo za mpango wa bure si za biashara, na mwenye mpango wa kulipia ndiye anayeruhusiwa. Chaneli yako ina matangazo, kwa hiyo za bure hazikufai.

Sasa ushahidi. Fungua folda moja kwenye Google Drive au popote unapohifadhi, na kila wimbo uwe na folda yake ndogo ndani. Weka humo faili la wimbo, picha ya skrini ya ukurasa uliopakulia ikionyesha leseni na tarehe, cheti kama kipo, na kiungo cha ukurasa. Tovuti hubadilika na watunzi huondoa nyimbo. Leseni ya Creative Commons haifutiki kwa aliyekwisha kuipata, lakini lazima uweze kuonyesha kwamba siku ile ilikuwepo. Unaweza pia kwenda web.archive.org na kuomba ukurasa huo uhifadhiwe. Inachukua muda mfupi na ni ushahidi ambao hukuutengeneza wewe. Kabla ya kuamini wimbo wa mtu usiyemjua, tafuta jina lake: ana tovuti, ana kazi nyingine, sauti yake inafanana na hiyo? Jina lenye wimbo mmoja tu uliopigwa kitaalamu kupita kiasi linatakiwa likutie shaka.

Halafu usitangaze video ukiwa gizani. Tangu 2021 YouTube wana hatua ya ukaguzi wakati wa kupakia: ikifika hapo subiri, iache ikague hakimiliki, na kama kuna tatizo litaonekana kabla mtazamaji yeyote hajaiona. Kupita ukaguzi si kinga ya milele, kwa sababu mtu anaweza kusajili rekodi mwezi ujao, lakini unapunguza ghasia nyingi.

La mwisho hukuliuliza, ila nimeitazama kazi ya aina yako mara nyingi na nalisikia kila siku: muziki unakuwa juu mno. Chagua wimbo wa ala tupu, usio na mtu anayeimba, na usio na ala inayopiga tuni ya juu mfululizo kama filimbi au fidla, kwa sababu hizo zinagombania nafasi na sauti ya mwanamke. Gitaa la besi, ngoma laini na kinanda cha chini vinakuachia nafasi. Kwenye programu ya kuhariria ya simu, sauti yako ikiwa 100, muziki uanze kati ya 10 na 15. Kwa anayepima kwa desibeli, maneno yapige kati ya -12 na -6, na muziki ukae desibeli 15 hadi 20 chini yake. Pale vitunguu vinapoingia kwenye mafuta ya moto, au unapomimina ule uji wa mchele kwenye sufuria na ukaanza kutokota pembeni, ushushe muziki kabisa na uiache sauti ya jiko isikike. Ukimaliza, usikilize kwa spika ya simu yenyewe bila hedifoni, feni ikiwa imewashwa, kwa sababu wengi watakusikiliza katika hali hiyo. Ukikosa neno moja uliloliongea, punguza muziki tena.